Kuchomwa na sindano kazini si bahati mbaya tu

Mimi nilisoma agronomia, si muganga. Lakini mdogo wangu yuko anafanya staji ya uuguzi, na katika umoja wetu kuko wengi wa udaktari na wa laboratwari. Aliniambia kwamba wanastaji wakichomwa na sindano, wengi wananyamaza juu wanaogopa kuambiwa hawajui kazi. Kunyamaza kule njo kunaua. Basi tuelewane.

Sindano iliyotoka kwa mgonjwa inabaki na damu kidogo. Ikikuchoma, inaweza kukupa VIH, epatiti B au epatiti C. Lakini hatari hazilingane. Kama mgonjwa ana VIH, kati ya watu 1000 wanaochomwa, karibu 3 tu njo wanaambukizwa. Kwa epatiti B, kama hauna chanjo, wanaweza kuwa 60 mpaka 300. Sisi wote tunaogopa sida, kumbe epatiti B inaambukiza zaidi sana, na hiyo njo yenye chanjo! Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili kisha mwezi mmoja, ya tatu kwa mwezi wa sita. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 1990 hatukuipata utotoni. Mwanafunzi wa afya aitafute mbele ya kuanza staji, si kisha.

Historia yetu pia inatufundisha. Mwaka 1976 kule Yambuku, Ebola ilipoonekana mara ya kwanza kwetu, hospitali ilikuwa inatumia sindano tano tu kwa siku, bila kuzichemsha vizuri kati ya mgonjwa na mgonjwa. Watu 280 walikufa kati ya 318. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa.

Sasa namna gani ya kujikinga? Sisi wa agronomia, tunapofundishwa juu ya dawa za kuua wadudu, tunaambiwa tufuate mpango: kwanza uondoe hatari, kisha ubadilishe vyombo, kisha uweke kanuni, na mwisho kabisa uvae glavu. Kwa sindano ni vile vile.

Kwanza, kupunguza sindano. Kama mgonjwa anaweza kumeza kidonge, juu ya nini kumchoma? Watu wetu wanapenda sindano, wanaona njo dawa ya nguvu. Lakini kila sindano isiyo na lazima ni hatari ya bure kwa muuguzi.

Pili, boksi gumu la kutupia sindano liwe karibu na mkono, si mwisho wa koridori. Lisijae kupita robo tatu, juu wengi wanachomwa wakisukumiza sindano ndani ya boksi lililojaa.

Tatu, usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Kama ni lazima kabisa, weka kifuniko juu ya meza na uingize sindano kwa mkono mmoja tu. Glavu ni nzuri, lakini sindano inapita ndani yake.

Na ukichomwa? Osha fasi ile na maji mengi na sabuni. Usikamue, usiweke javeli. Kisha mwambie mkubwa wako mara moja. Dawa za kuzuia VIH zinapashwa kuanza mbele ya saa 72 kupita, na vizuri zaidi ndani ya saa za kwanza. Unazimeza siku 28. Ukinyamaza siku nne, mlango umefungwa.

Kwa sisi wa shamba: takataka za kituo cha afya zisizochomwa moto vizuri zinaweza kufika kwenye mboji, na mama anayelima kwa mikono njo anachomwa. Na sisi tunaochanja mbuzi na nguruwe, sindano zetu tunatupa wapi?

Wakubwa wa kazi, mwanastaji akija kusema amechomwa, musimtukane. Mumuulize saa ngapi amechomwa, kisha mumupeleke apate dawa. Na wewe mwanastaji, siku ya kwanza kabla ya kugusa mgonjwa, uliza maulizo mawili: boksi la sindano liko wapi, na nikichomwa usiku, nani ana dawa? Kama hakuna anayejua kujibu, hapo njo pa kuanzia.