Masafa ya Nairobi na New York na Hesabu ya Saa Zake

Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, siku ile ndege ya Kenya Airways ilipoanza kusafiri kutoka Nairobi hata New York pasipo kutua popote njiani, wasafiri wengi wamestaajabia jambo moja lililo dhahiri katika ratiba yenyewe: kwenda ni muda wa saa 15 hivi, na kurudi ni saa 14, ilhali miji haikusogea wala masafa hayakupungua.

Masafa hayo, yakipimwa juu ya mviringo wa dunia, ni kilomita 11,800 na kitu. Mwenye kulaza rula juu ya ramani ya ukutani ataiona njia ikipita Nigeria, Mali na Moritania, naye atadhani hiyo ndiyo fupi. Lakini ramani ni tufe lililolazimishwa kuwa bapa, na atakaye kuijua haki ya mambo na atwae tufe na uzi, ashikize ncha moja Nairobi na ya pili New York, kisha auvute hata ukazane. Atauona uzi umepanda kaskazini, umekata jangwa la Sahara, umepita juu ya Aljeria na Moroko, ndipo ukaingia bahari ya Atlantiki. Na njia hiyo, ingawa machoni yaonekana ya mzunguko, ni fupi kuliko ile ya rula kwa kilomita zaidi ya 300.

Sasa, ndege iendayo kilomita 900 kwa saa ingepaswa kuyamaliza masafa hayo kwa saa 13 na dakika chache. Muda uliozidi hutumika katika kupanda, kushuka na kufuata njia za anga zilizoamriwa; bali tofauti ya kwenda na kurudi huletwa na upepo. Juu kabisa, kiasi cha kilomita 10 kutoka ardhini, katika latitudo za New York na Ulaya, hupita mito ya upepo kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi aghalabu kasi yake huzidi kilomita 150 kwa saa. Nahodha wa jahazi aliyeshuka kutoka Maskati kwa kaskazi, akangoja kusi ndipo arejee kwao, hangehitaji kufafanuliwa jambo hili: aendaye Marekani hukabili upepo wa omo, na arudiye husukumwa na upepo wa tezi.

Wako wasemao kwamba ni dunia inayozunguka chini ya ndege. Hilo si kweli, kwa maana hewa yote huzunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Na lau ingekuwa kweli, safari ya kwenda magharibi ndiyo ingekuwa fupi, kwani mji ungekuja kumlaki msafiri.

Liko na suala la saa ya mkononi. Aondokaye Nairobi saa tano usiku akasafiri muda wa saa 15, kwao itakuwa saa nane mchana, bali New York, wakati wa baridi, ndiyo kwanza saa kumi na mbili alfajiri, kwa kuwa mji huo uko nyuma kwa saa nane. Wakati wa joto huwa saba tu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, uendapo kumpokea mgeni, usijumlishe saa za safari juu ya saa ya kuondoka: itazame tikiti, kwani saa ya kufika iliyoandikwa humo ni ya mji anaofikia.