Vali ya Tabo: Usilipie Mlio

Fundi amekwambia vali ya kupumulia ya tabo imekufa? Usitoe hela bado. Mwambie aifungue mbele yako. Kwenye Subaru Impreza na Forester nyingi za tabo imekaa juu ya injini, kwenye intakula, kwa boliti mbili tu. Sukuma kifuniko chake cha ndani kwa kidole, ziba kwa kidole kingine kitundu cha mpira mwembamba, kisha achia. Kikirudi papo hapo, mpira wa ndani umechanika. Kikibaki, vali huenda ni nzima. Basi kagua mipira ya nje na klampu.

Kazi yake ni ndogo lakini ya lazima. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, njia ya hewa ya injini hufungwa huku tabo bado inasukuma. Hewa ikikosa pa kwenda hurudi kuyapiga mapanga ya tabo. Vali huifungulia njia, na ile ya kiwandani huirudisha kwenye bomba la kuingizia hewa.

Kama imekufa kweli, kwa mwenye pesa kidogo, mtumba orijino kutoka Japani ndio chaguo langu. Grogan pale Nairobi na Gerezani, Dar es Salaam, haikosekani, na inaingia bila kukata chochote. Ijaribu kwa vidole palepale dukani.

Mpya ya chuma inayorudisha hewa hudumu zaidi, ila ni ghali. Inunue kama umeongeza msukumo wa tabo. Ukiiagiza nje, bei uliyoiona si ya mwisho: ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, kisha VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, inayopigwa juu ya jumla hiyo yote.

Halafu kuna ile inayopiga “pshhh”, inayotema hewa nje. Vijana wengi wanaitaka, na feki zake ni rahisi kuliko zote. Haiongezi nguvu hata kidogo. Nyingi kati ya Subaru hizi hupima hewa mapema, kwa sensa iliyo karibu na chujio. Kompyuta imeshaihesabu hewa ile na kuimwagia petroli. Ukiitema nje, petroli inabaki nyingi: moshi mweusi, plagi kuingia masizi, gari kuzimika ukisimama kwenye taa, na katalaiza kuharibika. Katalaiza moja itakugharimu zaidi kuliko vali kadhaa.

Mara nyingi bei yake ya dukani pia haijumuishi plati ya kuungia, gasketi, wala kizibo cha bomba la zamani. Kizibo hicho kikisahaulika, tabo itavuta vumbi lisilochujwa, na vumbi hula mapanga.

Mwenye dizeli asihangaike. Injini nyingi za dizeli hazihitaji vali hii kabisa.

Ufundi ni wa muda mfupi, usikubali kutozwa kana kwamba injini imeshushwa. Patana bei moja, gasketi ikiwa ndani, na uliendeshe gari kabla ya kulipa.