Vazi la Shujaa, Macho ya Jaji

Fundi cherehani wa Mwananyamala, Dar es Salaam, akiletewa gauni lililoshonwa na fundi mwenzake, haangalii kwanza maua ya kifuani. Analigeuza ndani nje. Anapitisha kidole kwenye pindo, anaangalia kama ovaloki imefika mwisho, kama zipu imelala, kama bitana imekatwa kufuata kitambaa au imebandikwa tu ili kazi iishe. Mtaa mzima unaweza kuwa umeshasema gauni limependeza. Yeye bado hajatamka neno. Hukumu zote mbili zina haki yake, ya fundi aliyeigeuza nguo na ya mtaa ulioiona ikipita. Ugomvi mwingi wa mashindano ya mavazi huanzia pale hukumu hizo zinapochanganywa bila mshindani kuambiwa.

Mashindano yanayozungumzwa hapa ni yale ya kosplei: kijana anavaa na kujipamba mpaka afanane na mhusika wa katuni, filamu au mchezo wa kompyuta, kisha anapanda jukwaani mbele ya majaji. Nairobi kuna makongamano ya mashabiki kama Naiccon na Otamatsuri, ambako Naruto na Spider-Man hupishana mlangoni. Huko Nagoya, Japani, kumekuwa na mkutano wa dunia wa kosplei tangu mwaka 2003. Nchi hupeleka timu za watu wawili wawili, na sharti mojawapo kubwa ni kwamba mavazi wayatengeneze wenyewe. Kwa vijana wa Dar es Salaam wanaofuatilia anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye simu, kinachokosekana si hamu wala malighafi. Sponji, gundi na vitambaa vya kila rangi vimejaa Kariakoo. Kinachohitaji kufikiriwa ni meza ya majaji.

Meza hiyo ina historia yenye mafunzo. Mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za sayansi jijini New York, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, aliyejulikana kwa jina la Morojo, walitinga ukumbini wamevaa nguo za watu wa siku zijazo. Morojo ndiye aliyezishona. Mwaka uliofuata, Chicago, yakafanyika mashindano kamili, na David Kyle akashinda akiwa amevaa kama Ming, mtawala katili wa hadithi za Flash Gordon. Vazi lile hakulitengeneza yeye. Lilikuwa kazi ya Leslie Perri. Yaani swali la nani hasa anapewa zawadi, mvaaji au mtengenezaji, lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na miaka zaidi ya themanini baadaye bado linawatoa watu jasho.

Pwani ya Afrika Mashariki haikusubiri New York. Kuanzia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, miji ya Lamu na Mombasa, na baadaye Dar es Salaam na bara, ilishikwa na ngoma ya beni. Vikundi viliiga bendi za kijeshi za wakoloni, vikajipa vyeo vya kifalme na vya kiaskari, na kushindana kwa sare, gwaride na nyimbo za kumkejeli mpinzani. Mombasa, kundi la Scotchi lilivaa sketi kama za askari wa Uskochi. Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti: Marini wakijiona watu wa mjini waliosoma, Arinoti wakivuta zaidi watu wa kazi za mikono na wageni kutoka bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotoka mwaka 1975. Ukikisoma ukiwa umetoka kuangalia picha za makongamano ya leo, utaona ndugu wa karibu: watu wa kawaida waliotumia akiba zao kujigeuza kuwa watu wengine kwa siku moja, mbele ya umati.

Beni haikuwa na majaji wenye karatasi. Ushindi ulitangazwa na midomo ya watu: nani kaja na sare mpya, nani kalisha wageni wengi, wimbo wa nani umechoma zaidi. Mwenye fedha alikuwa na nafasi kubwa. Wengine walifilisika wakijaribu kuufikia ushindi huo.

Kuna mfano mwingine wa Tanzania ulio wazi zaidi, na waandaaji wa kosplei wangefaa kuutembelea. Kila mwaka mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Wasukuma hukusanyika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwa ajili ya Bulabo. Ni mahali palipo na makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada. Vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inahusishwa na wacheza ngoma wawili mahasimu wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha, hutoa vikundi vyao uwanjani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana wachezaji huja na mavazi ya kushangaza, nyoka hai na vituko vilivyofichwa mpaka dakika ya mwisho. Dawa ya kuvuta watu nayo haijawahi kukosa nafasi yake katika masimulizi ya ngoma hizo.

Mtu anaweza kusema hiyo si haki, maana umati hupenda kituko kuliko ustadi. Lakini Bulabo ina uaminifu ambao kumbi nyingi hazina. Kila mchezaji anajua tangu nyumbani kwamba kinachopimwa ni umati, anajiandaa kwa hilo, na akishindwa anaona kwa macho yake watu wakihamia ng'ambo. Hakuna alama zilizofichwa kwenye bahasha.

Tatizo huja pale mshereheshaji anapotangaza kuwa kuna majaji watatu, halafu mwisho anainua mkono juu ya kichwa cha kila mshindani na kuuliza ukumbi, "Kelele kwa huyu!" Aliyekuja na marafiki thelathini kutoka Mwananyamala Kisiwani atamshinda aliyekuja na dada yake tu kutoka Mbagala, hata kama huyo wa Mbagala amelala macho miezi mitatu akikata sponji. Kura ya ukumbi ni jambo zuri na hufanya watu wachangamke. Basi ipewe zawadi yake, iitwe kwa jina lake, na isiingizwe kwenye chungu cha majaji.

Kwa wakongwe wa mashindano haya Marekani, suluhisho lilikuwa kutenganisha vitu. Kazi ya mikono hukaguliwa nyuma ya pazia kabla ya onyesho. Jaji anashika vazi, anaangalia mishono, anauliza kofia ya chuma imetengenezwa kwa nini. Onyesho la jukwaani hupewa alama peke yake, maana kuna vazi bora ambalo mwenyewe hawezi kutembea nalo hatua tano, na kuna kitambaa cha kawaida kinachokuwa mfalme kwa sababu mvaaji ni mwigizaji. Washindani nao hugawanywa kwa madaraja: wanaoanza, waliokwisha kushinda mara kadhaa, na mabingwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeazima cherehani ya shangazi yake hapimwi na mtu mwenye karakana.

Hapa ndipo mambo ya Dar yanapokuwa magumu kuliko ya Nagoya. Sharti la kila mtu kujitengenezea limetungwa kwa jamii ambako nguo hununuliwa dukani na kushona ni burudani ya mwishoni mwa wiki. Mwananyamala, Tandale au Temeke, nguo ya maana hupelekwa kwa fundi. Mteja huja na picha kwenye simu na kitambaa mkononi, hueleza, hubishana bei, hurudi kupima, huambiwa njoo kesho. Je, vazi hilo ni la nani? Ukilikataa, unawafungia nje vijana wengi na kuiadhibu desturi ya kawaida ya kuvaa hapa nchini. Ukilikubali bila swali, mashindano yanakuwa ya mifuko, na yule mwenye uwezo wa kuagiza vazi zima kutoka China atawapita wote.

Njia ya busara ni fomu fupi ya kujaza wakati wa kujiandikisha: sehemu ipi umetengeneza mwenyewe, ipi kashona fundi, ipi umenunua tayari. Alama za ufundi zitolewe kwa kazi ya mshindani peke yake; za kufanana na mhusika na za jukwaani ziwe wazi kwa wote. Na kwa nini pasiwe na tuzo ya fundi? Apande jukwaani pamoja na mteja wake, jina lake lisomwe, watu wajue kibanda chake kiko wapi. Kwa biashara ya cherehani, dakika moja ya namna hiyo ina faida kuliko bango.

Fomu ina kazi nyingine. Inalazimisha ukweli usemwe mapema. Mwaka 2014 mshindi wa Miss Tanzania alirudisha taji lake baada ya mjadala mkali juu ya umri wake, na nchi nzima ikawa jaji wa jambo ambalo lilipaswa kumalizwa mezani kabla taa hazijawashwa.

Halafu kuna hesabu, ambayo wengi huidharau. Chukua majaji watatu na washindani wawili, Asha na Juma. Jaji wa kwanza anampa Asha 8 na Juma 7. Wa pili vivyo hivyo, 8 na 7. Wa tatu amempenda Juma kupita kiasi, anampa 10, na Asha anamwachia 4. Jumla: Juma 24, Asha 20. Majaji wawili kati ya watatu walimwona Asha bora, lakini Juma ndiye anaondoka na kikombe, kwa sababu mtu mmoja alitumia namba kwa nguvu kuliko wenzake. Ukichukua alama ya katikati kwa kila mshindani, Asha ana 8 na Juma 7, na uamuzi unarudi kwa wengi. Panapokuwa na majaji watano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa, kama inavyofanyika katika mchezo wa kupiga mbizi. Hakuna gharama yoyote, kalamu inatosha.

Mpangilio wa kupanda jukwaani nao una uzito. Mwaka 1996 watafiti wawili, Flôres na Ginsburgh, walichunguza matokeo ya mashindano makubwa ya muziki ya Malkia Elisabeth mjini Brussels, wakakuta waliopiga siku za mwanzo walikuwa na nafasi ndogo kuliko waliofuata, ingawa mpangilio ulikuwa wa kura ya bahati. Majaji wa kimataifa, waliobobea, bila nia mbaya, walikuwa wakibana alama mwanzoni. Kwa shindano la mtaani dawa ni rahisi: majaji wapewe kwanza mavazi mawili ya mfano yasiyoshindana, wayapigie alama, walinganishe namba zao, kisha ndipo aitwe mshindani wa kwanza.

Lakini jaji anaweza kuwa hodari wa hesabu na bado akakosea kwenye mwili. Wahusika wa anime wengi wamechorwa wembamba, weupe, wenye macho makubwa, na kuna watazamaji wanaodhani kufanana maana yake ni kufanana ngozi. Mwaka 2013 Mmarekani mweusi Chaka Cumberbatch aliandika hadharani jinsi alivyotukanwa kwa kuvaa kama Sailor Venus, na mwaka 2015 akaanzisha kampeni ya siku 28 za kuonyesha kosplei za watu weusi. Huku kwetu suala la rangi linaweza kuonekana limekwisha, kwa vile ukumbi mzima ni weusi. Halijaisha. Litarudi kama "huyu mnene mno" au "yule mweupe ndiye amefanana". Karatasi ya alama isiyo na kifungu cha umbo wala rangi humnyima jaji pa kuandika hayo.

Kufanana na mhusika kupimwe kwa picha ambayo mshindani ameileta. Hilo linaonekana dogo mpaka aje mtu amevaa kama Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, au kama Ndumilakuwili wa jarida la Sani, mbele ya majaji vijana waliokulia kwenye anime. Bila picha mezani, vazi lililotokana na katuni za nyumbani litapewa alama za huruma na lile la Tokyo alama za ufahamu.

Kanuni nazo ziandikwe kabla ya tukio, siyo baada ya kioja. Mwaka 1972, kwenye kongamano lile lile la dunia la hadithi za sayansi, safari hiyo likiwa Los Angeles, mchoraji Scott Shaw alijipaka siagi ya karanga mwili mzima kama sehemu ya vazi. Ikachafua kila kilichomgusa, na tangu hapo siagi ya karanga ikapigwa marufuku kwenye mashindano hayo. Dar ina jambo zito kuliko karanga. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Wahusika wengi wa filamu na michezo ya kompyuta huvaa mabaka ya kijeshi, na kijana aliyetoka Mwananyamala kwa daladala akiwa amevaa hivyo anaweza asifike ukumbini. Beni ilijengwa juu ya sare za kiaskari. Kosplei ya leo haina ruhusa hiyo, na mwandaaji asiyelitangaza hilo siku ya kufungua usajili amemweka mshindani wake hatarini.

Baada ya matokeo, kila mshindani apewe karatasi yake yenye alama na sentensi mbili tatu za majaji: bega la kushoto limelegea, rangi ya ngao ingekauka kwanza, uigizaji ulikuwa mzuri. Aliyeshika nafasi ya tisa ndiye anayeihitaji zaidi, maana ana mwaka mzima wa kulishona upya vazi lake.