Fomu Isiseme "Umelipa" Kabla ya Benki

Wenye tovuti wengi wakishaunganisha fomu yao na lango la malipo la benki, huijaribu kwa kadi yao, wakauona ukurasa wa "Asante, malipo yamepokelewa", wakaridhika. Ukurasa ule si ushahidi. Unafunguliwa na kivinjari, na kivinjari kiko mikononi mwa mteja.

Chukua fomu ya kujisajili kwa semina: ada Sh 50,000, mwanafunzi Sh 20,000, chakula pembeni. Siku hizi mwenye tovuti huongeza machaguo na bei zake bila kumwita fundi. Lakini jumla ikipigwa ndani ya kivinjari na kupelekwa benki ilivyo, mjuzi kidogo ataigeuza 50,000 kuwa 500, kisha alipe. Benki itasema amelipa, na itakuwa imesema kweli. Kwa hiyo seva ipokee machaguo tu. Hesabu iipige yenyewe.

Kabla mteja hajapelekwa benki, fomu yote ihifadhiwe ikiwa na hali ya "inasubiri malipo", na ipewe namba ya kumbukumbu isiyojirudia. Watanzania wameshauzoea utaratibu huu kupitia mfumo wa serikali wa GePG: kontroo namba kwanza, pesa baadaye.

Namba ya kadi ijazwe kwenye ukurasa wa benki, kamwe si kwenye fomu yako. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi zile tarakimu za usalama za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwa kuzificha kwa msimbo. Na fomu nyingi hutuma nakala ya kila kilichojazwa kwenye barua pepe ya ofisi! Ukiweka kisanduku cha kadi hapo, siri za wateja wako zitasomwa na kila mwenye nywila ya ofisi.

Benki ikimaliza, humrudisha mteja kwenye tovuti, na pia hutuma taarifa moja kwa moja kwa seva yako. Hii ya pili ndiyo ya kuamini, kwa sababu bando huisha na simu huzima kabla mteja hajarudi, pesa ikiwa imeshakatwa. M-Pesa ya Kenya ni hivyo hivyo: jibu la kwanza linasema tu ombi limepokelewa, matokeo huja baadaye kwa namba: 0 ikiwa mteja amelipa, 1032 ikiwa ameghairi.

Seva ihakiki kwamba taarifa imetoka benki kweli, kisha ilinganishe namba ya kumbukumbu, kiasi na sarafu. Taarifa ileile yaweza kuja mara mbili. Tiketi itoke moja. Taarifa isipofika kabisa, seva iiulize benki hali ya namba ile, na fomu imwambie mteja waziwazi asilipe tena mpaka jibu lirudi.