Taka Zinazosema Kiswahili

Tarehe 9 Septemba 2009, njiwa aitwaye Winston aliruka kutoka Howick, karibu na Pietermaritzburg, akiwa amefungwa mguuni kadi ya kumbukumbu yenye gigabaiti 4 za data. Alikuwa akielekea Hillcrest, nje kidogo ya Durban, safari ya kilomita 80 hivi. Wakati huohuo data zilezile zilianza kutumwa kwa intaneti ya Telkom. Winston alifika baada ya saa 1 na dakika 8. Ukijumlisha muda wa kuziingiza data kwenye kompyuta, kazi yote ilichukua saa 2, dakika 6 na sekunde 57. Intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4 tu.

Dunia nzima ilicheka. Lakachoachwa nje ya kicheko hicho ni kwamba barabara ile nyembamba haikupitisha data za maana peke yake. Miaka hiyo zaidi ya nusu ya barua pepe zilizotumwa duniani zilikuwa barua taka: dawa za bandia, bahati nasibu zisizokuwapo, mirathi ya majenerali waliokufa. Mtu wa Durban aliyenunua intaneti kwa kipimo alilipia na hizo pia. Aliyezituma hakulipa kitu cha maana.

Ilidhaniwa kwamba barabara ikipanuliwa shida itakwisha. Na kweli ilipanuliwa. Wiki chache kabla ya Winston kuruka, Julai 2009, kebo ya SEACOM ilikuwa imefunguliwa. Inatua Mtunzini, kaskazini mwa Durban, na kuiunganisha na Maputo, Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy, nayo ikatua Mtunzini. Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili katika mji huu, inafurahisha kujua kwamba pwani ya KwaZulu-Natal na pwani ya Waswahili zimefungwa pamoja kwa nyuzi za kioo chini ya bahari. Ila kebo haichagui inachobeba. Njia ilipopanuka, taka nazo zilipata nafasi.

Uzito wa taka hauko njiani tu. Uko pia mwisho wa safari, kwenye seva. Tuchukue tovuti ndogo ya chama au ya shule, inayokaribisha watu waandike maoni yao. Roboti, yaani programu inayozunguka mtandaoni usiku na mchana, ikiigundua nafasi hiyo huanza kumimina matangazo yenye viungo vya kuelekea kwa tajiri wake. Lengo si lazima msomaji abofye. Mara nyingi ni kuidanganya mitambo ya kutafutia, ili ione kwamba tovuti ya tajiri inatajwa kila mahali. Januari 2005 Google walianzisha alama ya kukifanya kiungo kisihesabiwe, wakitumaini kuvunja biashara hiyo. Haikuvunjika. Kutuma ni bure, na bure haina hasara.

Kila tangazo linapogonga mlango, seva huamka, huendesha programu, huiuliza hifadhidata, huandika, kisha hungoja la pili. Yakija mia kwa dakika, msomaji halisi aliyeko Chatsworth au Tanga hubaki akitazama alama ya kusubiri ikizunguka. Hata lile linalokataliwa limeshakula muda wa seva.

Hapa Durban tuna mfano wake barabarani. Pita Warwick Junction utazame nguzo na kuta: vibandiko vya waganga juu ya vibandiko vya waganga, wengine wakijinadi kwamba wametoka Uganda, Tanzania au Zanzibar, wote wakiahidi kumrudisha mpenzi aliyepotea na kuongeza utajiri. Ni karaha, lakini angalau mwenye tangazo amenunua karatasi na gundi, na kuna kijana amepanda na kushuka mtaa mzima akibandika. Mfuko wake unamwekea mpaka. Mtandaoni hakuna gundi ya kununua.

Ndiyo maana dawa nzuri ni ile inayomzuia roboti mlangoni, kabla hifadhidata haijaguswa. Zile herufi zilizopinda ambazo mtu hutakiwa kuzisoma ili athibitishe kuwa ni binadamu ziliendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 2000. Hatuzipendi. Ni mtego wa panya, unawanasa waliomo na wasiokuwamo: asiyeona vizuri hukwama, mwenye simu ya kioo kidogo hukwama, na roboti wa siku hizi hupita. Afadhali kisanduku kilichofichwa. Binadamu hakioni kwenye ukurasa, kwa hiyo hakijazi. Roboti husoma msimbo, hukiona, na kwa tamaa yake hukijaza. Aliyekijaza hutupwa nje papo hapo. Ukiongeza na kufunga maoni kwenye makala za zamani, ambako roboti hupenda kujificha, seva huanza kupumua.

Hizo ni dawa zisizojali lugha. Ziko nyingine zinazoijali sana, na hapo ndipo jambo hili linapoingia darasani kwetu.

Mwaka 2002 Paul Graham, mtaalamu wa programu wa Marekani, alieneza njia ya kuchuja barua taka kwa kuhesabu maneno, akitumia kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 18. Chujio huonyeshwa barua nyingi safi na nyingi chafu, nalo hujifunza ni maneno gani huonekana upande upi. Kwa Kiingereza njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana, kwa sababu neno la Kiingereza halibadiliki umbo mara nyingi.

Sasa chukua kitenzi chetu *tuma*. Nitumie, umtumie, itume, zitume, mnitumie, ilitumwa, nimeshakutumia. Kwa chujio linalokata maandishi penye nafasi tu, hayo ni maneno saba yasiyojuana hata kidogo. Litahitaji kuonyeshwa taka nyingi zaidi ndipo lianze kuelewa kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua: mzizi ni mmoja, vilivyobaki ni viambishi. Majirani zetu wasemao isiZulu wana shida hiyohiyo, na karibu kitenzi hichohicho. *Ngithumele imali* haihitaji mkalimani kwa msomaji wa gazeti hili. Chujio la lugha za Kibantu lazima lipasue neno, ama kwa mzizi na viambishi, ama kwa vipande vya herufi tatu tatu au nne nne.

Lakini hata likishapasua, litakutana na kigogo. Kila mwenye laini ya simu Tanzania anaufahamu ule ujumbe: ile pesa itume kwenye namba hii. Hauna salamu, hauna jina la mtumaji. Tuutazame kisarufi. Nguvu yake yote imo katika *ile*. Kionyeshi hicho hapa hakionyeshi kitu kilicho mbali. Kinarejelea kitu ambacho wawili wameshakizungumza. Mpokeaji ambaye kweli anadaiwa ada, kodi ya nyumba au mchango wa harusi anajaza mwenyewe kilichobaki. Tapeli hakusema uongo wowote juu ya deni. Ametumia kionyeshi tu, na sarufi ikamalizia kazi.

Tena maneno yote ni safi. Binti aliyeko chuoni akimwandikia baba yake kwamba simu yake imeharibika, ile pesa aitume kwenye namba ya rafiki, ametumia maneno yaleyale. Chujio la kuhesabu maneno likimkamata tapeli litamkamata na binti. Kinachowatofautisha ni mwenendo: binti ameandika kwa mtu mmoja anayewasiliana naye kila wiki, tapeli ameandika kwa watu elfu asiowajua. Hilo huonekana kwa kampuni ya simu, si kwa mpokeaji.

Sheria zipo. Afrika Kusini ina kifungu cha 69 cha sheria ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, kinachohusu matangazo ya biashara yanayotumwa kwa watu bila ridhaa yao. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 20 kinahusu ujumbe usioombwa, na laini za simu zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole kufikia Januari 2020. Ujumbe wa *ile pesa* haukufa kwa hayo.

Kwa hiyo tunaanza mkusanyo wetu wa taka za Kiswahili: meseji, barua pepe, matangazo ya waganga, chochote kilichokufikia bila kukiomba. Tutauweka kwenye majedwali, tupasue vitenzi, tuhesabu vionyeshi, na kando yake tuweke ujumbe halali unaofanana nao, kwa ridhaa ya wenyewe. Walimu wetu wa isimu tunawaomba watusaidie kuweka alama za viambishi. Anayeleta ujumbe afute kwanza namba za simu na majina yote, hata yale ya matapeli.