Oya Dizaina, Mizani Inakuita

Oya mwanangu, kama uko Katoro, Geita Mjini au Kahama na una laptopu inayojiweza, mchongo wako wa kwanza unajulikana kitaa kizima: bango la duka la simu, flaya ya shoo, kadi ya harusi, jezi za timu ya maskani. Photoshop ya kuunga unga, fonti za kudandia. Baadaye unaidaka Figma, unachora websaiti ya lodge fulani, watu wanaanza kukuita dizaina na wewe unavimba. Fresh tu. Shida ni kwamba siku hizi kila mwenye simu anajiita dizaina, na Canva imeshusha bei mpaka mteja anakutajia buku tano bila aibu, halafu anataka na logo juu.

Wakati huohuo mtonyo mzito wa ukanda huu unapita mbele ya macho yako, kwenye mizani.

Cheki mchezo ulivyo. Tangu 2019 Serikali ilipofungua masoko ya madini, la Geita likiwemo, dhahabu ya mchimbaji mdogo inatakiwa ipite sokoni: inapimwa uzito, inapimwa usafi, inakatwa mrabaha 6% na ada ya ukaguzi 1%. Huko mambo yanaeleweka. Ngoma iko nyuma ya soko, duarani kwenye mashimo na kwenye makarasha ya kusaga mawe, ambako hesabu kibao bado zinaishi ndani ya kaunta buku. Nani kaweka mafuta ya pampu, nani kalisha wana wiki nzima, mwenye leseni anachukua viroba vingapi vya mawe, mwenye duara vingapi, wachimbaji wanabaki na nini, na marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha sagwa, ni ya nani. Kaunta buku ikilowa, kimeumana.

Sasa jifanye umepata dili la kumtengenezea broka programu ya hesabu. Kama dizaina utachora skrini kali, rangi ya dhahabu, kitufe kimekaa kinyama. Broka anaingiza gramu 12.4 zenye usafi wa 88%. Dhahabu halisi hapo ni gramu 10.912, toa 7% za Serikali, anabaki na thamani ya gramu 10.148 hivi. Mpaka hapo hata kalkuleta ya simu inatosha.

Halafu anataka programu ivute bei ya dunia yenyewe. Bei ile inatajwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ina gramu 31.1035. Ukijichanganya ukaweka ile wakia ya kawaida, ya gramu 28.35, kila gramu itapanda bei kwa karibu 10%. Broka atanunua kwa hasara mchana kutwa huku skrini yako inapendeza kinoma. Hapo hakuna atakayekusifia rangi.

Kuna noma nyingine imejificha zaidi. Fungua konsoli ya brauza, andika 0.1 + 0.2. JavaScript itakujibu 0.30000000000000004. Usiitukane sana, Brendan Eich aliiunda kwa siku kumi tu Mei 1995, na hili hata si kosa lake. Kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja, na sehemu ya kumi kwa hesabu hiyo haina mwisho, kama theluthi inavyotugomea sisi kwenye desimali. Chenga moja haiui mtu. Ila programu ikilinganisha jumla ya mgao na uzito wa mizani, itakwambia havilingani, na duarani neno hilo linaleta ngumi. Dawa yake ni kuachana na pointi kabisa: hifadhi miligramu 12,400 badala ya gramu 12.4, na fedha kwa shilingi nzima.

Na kile kitufe chako cha LIPA? Kwenye Figma kinabonyezwa mara moja. Kule porini mtandao unasuasua, mwana anabonyeza, kimya, anabonyeza tena kwa hasira. Usipojipanga, mshiko umetoka mara mbili. Injinia anaupa kila muamala namba yake kabla haujaondoka kwenye simu, ili seva ikiiona namba ileile tena iikaushie.

Kwangu mimi safari yote ya kutoka dizaina kuwa injinia iko hapo: kuanza kubeba lawama ya kinachotokea baada ya kidole kugusa skrini. HTML na CSS utazishika chapchap kwa sababu jicho unalo tayari. JavaScript itakutoa jasho. Git, ya kutunza historia ya kodi yako, usiichelewe. Kanzidata ndiyo watu wengi wanaikimbia, na ndiyo inayolipa, kwa hiyo kaza na SQL, lugha yake, kabla hujaparamia fremuweki za kisasa.

Usidhani wenye asili ya sanaa hawatoboi huku. Evan You alisoma historia ya sanaa Chuo cha Colgate, akaongeza shahada ya dizaini na teknolojia Parsons, New York, akapiga kazi Google Creative Lab. Februari 2014 akaachia fremuweki ya JavaScript iitwayo Vue, ambayo leo inaendesha websaiti kibao duniani, na mwaka 2016 akaanza kuishi kwa kazi yake hiyo huria. Jamaa hakutupa jicho lake la dizaini. Watu waliipenda Vue kwa sababu inaeleweka.

Na wewe jicho lako litumie hivyohivyo. Broka wako anatumia simu ya kioo chenye ufa, juani, vidole vina vumbi la mawe. Herufi kubwa, vitufe vipana, Kiswahili cha duarani. Msomi wa algorithimu aliyejifungia Dar hilo halimjii kichwani.

Migodi mikubwa kama GGM ya Geita ina mifumo yake mizito, ingawa kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zimefungua upenyo kwa kampuni za wazawa. Sajili kampuni ukishaiva. Kwa sasa anza na mwenye karasha mmoja.

Bei usitaje ya bango, tafadhali. Bango ukikabidhi umemalizana na mteja, programu ya mgao itakupigia simu saa nane usiku. Ada ya kila mwezi iandike kwenye mkataba kabla hujawasha laptopu.