Ua Haliwasubiri

Ukiacha harusi na msiba, mara ya mwisho wewe na mwenza wako kutoka pamoja ilikuwa lini? Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa Tokyo, nikabaki natabasamu tu.

Ilikuwa Jumapili, mwanzoni mwa Aprili. Nilikuwa Japani kikazi, na mwenyeji wangu, dada wa rika langu, akanipeleka bustani ya Ueno, ambayo ilitangazwa kuwa bustani ya umma mwaka 1873. Msimu huo miti yake ya sakura inachanua kabla ya kutoa majani, kwa hiyo juu ni maua matupu, meupe yenye kaupinki kwa mbali. Matembezi hayo wanayaita hanami, yaani kutazama maua. Nikacheka moyoni. Watu wazima, kutazama maua?

Tulipofika kicheko kikaniisha. Chini ya miti watu wametandika maturubai ya bluu, kama yale yanayofunikia mizigo kwetu Tunduma. Wamevua viatu na kuvipanga pembeni, wanakula na kuongea. Ofisi nyingine humtuma kijana wake tangu alfajiri, kazi yake kulinda nafasi tu! Nilinunua takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani, vikaniunguza ulimi. Kwenye bwawa la Shinobazu wapenzi walikuwa ndani ya vimashua vya umbo la bata maji, wakivikanyaga kama baiskeli.

Mwenyeji wangu akanieleza kuwa Tokyo maofisa wa hali ya hewa hukagua mti mmoja maalumu. Maua 5 au 6 yakifunguka, wanatangaza rasmi. Baada ya kama wiki moja yanachanua kwa wingi, kisha upepo na mvua vinayapukutisha. Ukisema utakuja mambo yakitulia, umeyakosa.

"Na wewe na mumeo huwa mnakwenda wapi?" akauliza.

Nikampigia simu baba watoto. Kwangu saa saba mchana, Tunduma saa moja asubuhi, naye tayari yuko mpakani. "Mama, malori yamejaa, nitakupigia." Hakupiga. Yeye ni wakala wa forodha, na kwa miaka minne wote wawili tulikuwa tunasema, "mambo yakitulia." Nani aliona mpaka ukitulia?

Niliporudi sikumlaumu. Nilimwuliza tu kahawa inachanua lini. Akacheka, maana amekulia Mbozi. Mvua za kwanza zikishanyesha, mibuni inajaa maua meupe yanayonukia kama asumini, na baada ya siku mbili tatu yamenyauka. Tukawekeana ahadi.

Novemba mama mkwe akapiga simu: kumechanua. Ilikuwa Jumanne, siku mbaya kabisa. Lakini alimwachia mwenzake kazi, tukaenda. Tukatandika turubai la bluu katikati ya mibuni, chai kwenye chupa, maandazi, simu tumezizima.

Hapo ndipo akaniambia jambo alilolificha mwaka mzima. Kulikuwa na deni. Jumapili zote zile alikuwa anakimbizana nalo, na mimi nikidhani ananikimbia mimi. Nililia kidogo, kisha tukapiga hesabu pale pale.

Deni bado tunalilipa, ila sasa tunalilipa wawili. Wewe je, shambani kwenu kunachanua lini? Uliza leo, weka tarehe. Kazi kwako!